Nakuru si heroe pekee: Maeneo yasiyojulikana sana kwa mpenda picha

MGENI anayeshuka jijini Nakuru akiwa na kamera begani aghalabu huwa na picha moja tayari akilini: ufuo wa ziwa uliogeuka rangi ya waridi kwa wingi wa heroe. Picha hiyo ndiyo iliyopamba kalenda, kadi za posta na vitabu vya watalii kwa miaka mingi. Tatizo ni kwamba ufuo wenyewe haupo tena.

Tangu mwaka wa 2010 hivi, maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakipanda. Ziwa Nakuru, lililokuwa na ukubwa wa takriban kilomita 40 za mraba, lilikuwa limepita kilomita 60 za mraba kufikia 2020. Lango kuu la zamani la mbuga lilimezwa na maji, sawa na barabara zilizopita ufuoni. Heroe hula mwani mdogo sana unaostawi katika maji yenye magadi mengi. Maji matamu yalipoongezeka, chakula chao kilipungua, nao wengi wakahamia Bogoria na kwingineko. Si kwamba hawarudi. Hurudi na kuondoka kwa kufuata hali ya maji, wala hakuna mwelekezi wa kweli atakayekuahidi kwamba utawakuta Jumamosi ijayo.

Kwa hivyo mgeni ana njia mbili. Anaweza kusimama mahali walipokuwa heroe na kurudi nyumbani akinung'unika, au anaweza kutafuta picha katika sehemu ambazo hazimo kwenye orodha za mawakala wa utalii. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya huyo wa pili, awe ametoka Dar es Salaam, Kampala au Kigali, au awe Mkenya aliyeishi ughaibuni miaka mingi hivi kwamba akirudi huiona nchi yake kwa macho ya mgeni.

Majina ndiyo ramani ya kwanza

Mtu akitafuta kwenye intaneti maeneo ya kupiga picha karibu na Nakuru, ataletewa majina yale yale: mbuga ya Ziwa Nakuru, Hell's Gate, Longonot na Ziwa Naivasha. Ni mahali pazuri, hatukatai, lakini pamepigwa picha na kila mtu kutoka pembe zile zile.

Njia rahisi zaidi ya kuvuka orodha hiyo ni kusoma majina ya mahali. Wazee waliotangulia hawakuyapa maeneo majina ovyo. Jina Nakuru linatokana na lugha ya Wamaasai na huhusishwa na vumbi, na Elementaita vilevile. Ziwa la magadi linapokauka ukingoni, upepo wa mchana huinua vumbi jeupe. Naivasha ni maji yanayochafuka, na yeyote aliyepanda mashua pale alasiri anajua sababu. Mai Mahiu ni Kikikuyu cha maji moto. Kisha kuna majina ya Kiswahili yasiyohitaji mkalimani: Maji Moto karibu na Bogoria, Kampi ya Samaki kando ya Ziwa Baringo, Kampi ya Moto kwenye barabara ya kuelekea Mogotio, na Maji Mazuri upande wa Eldama Ravine. Kila jina ni dokezo la kitu kilichoonekana hapo, na mara nyingi kitu hicho bado kipo.

Ramani za Idara ya Upimaji wa Ardhi za kipimo cha 1:50,000 husaidia pia, kwani huonyesha miinuko na vijito ambavyo ramani za simu huviruka. Hata hivyo, hakuna ramani inayomshinda mhudumu wa bodaboda. Usimwulize mahali ambapo watalii huenda. Atakupeleka huko huko. Mwulize ni wapi watu wa kijiji huenda kuomba, kuteka maji, kuchota mchanga au kutazama bonde siku ya Krismasi.

Kando ya jiji lenyewe

Kilomita nne hivi kutoka katikati ya Nakuru, kando ya barabara kuu ya kwenda Nairobi, kuna kilima cha mawe kiitwacho Hyrax Hill, yaani kilima cha pimbi. Maelfu ya magari hupita hapo kila siku bila kusimama. Mary Leakey alifukua eneo hilo kati ya 1937 na 1938, likatangazwa kuwa kumbukumbu ya kitaifa mwaka wa 1943, na nyumba ya mkulima iliyokuwa hapo ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka wa 1965. Yapo makaburi ya wafugaji wa kale, misingi ya maboma ya mawe, na yale mashimo ya ardhini yanayojulikana kama mashimo ya Wasirikwa.

Lakini kinachofaa zaidi kwa kamera ni bao. Mwambani kumechongwa safu za vishimo vya mchezo huo, na mtu yeyote aliyekulia pwani atavitambua mara moja hata kama hajawahi kuvuka Mtito Andei. Mwandishi wa makala haya alifika hapo mara ya kwanza saa saba mchana na akaondoka na picha ya jiwe tambarare lisilo na lolote. Vishimo hivyo ni vifupi. Huonekana tu wakati kivuli kinapojaza kila kimoja, yaani saa moja na nusu asubuhi au saa kumi na moja jioni. Kwa kuwa Nakuru iko karibu sana na Ikweta, jua huchomoza na kutua mnamo saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima na hupanda kwa kasi. Mwanga mzuri haudumu hata saa nzima.

Kaskazini mwa jiji kuna Menengai, shimo kubwa la volkeno lenye upana wa kilomita 12 kwa 8. Ukingo wake hufika mita 2,278 juu ya usawa wa bahari. Wageni wengi hufika kwenye kituo cha kutazamia, hupiga picha moja, kisha hushuka. Ukikaa zaidi utaona mambo mawili. Kwanza, kwa sababu kituo hicho kinatazama kaskazini, mwanga wa asubuhi huja kutoka kulia na kuchora kila mkunjo wa mawe meusi yaliyoganda chini. Adhuhuri hubaki weusi mtupu. Pili, mahali hapa pana historia nzito. Masimulizi ya Wamaasai husema kwamba hapa ndipo Wailaikipiak walipotupwa shimoni katika vita vya karne ya 19, na Wakikuyu wa eneo hili waliliita Kirima kia Ngoma, mlima wa mizimu. Leo waumini hushuka katika mapango yake kufunga na kuomba kwa siku kadhaa, huku upande mwingine mitambo ya visima vya mvuke, vilivyoanza kuchimbwa 2011, ikitoa moshi mweupe. Maombi na mitambo katika shimo moja ni picha ambayo hakuna kadi ya posta iliyowahi kuionyesha.

(Kasri la Lord Egerton huko Njoro, lililoanza kujengwa 1938 na kukamilika 1954, hatulizungumzii kwa kirefu. Ni jengo la kuvutia, lakini kila wikendi huwa na maharusi, nao wana wapigapicha wao.)

Eburru, mahali mvuke ni maji

Kama mgeni ana siku moja tu ya kutumia nje ya jiji, ushauri wetu ni Eburru. Milima hii iko kaskazini-magharibi mwa Ziwa Naivasha, na hufikiwa kwa barabara za changarawe kutoka upande wa Gilgil au wa Naivasha. Watalii ni wachache mno. Wengi hawana habari kwamba ipo, ingawa huiona kwa mbali kila wanapopita barabara kuu.

Huko juu, mvuke hutoka ardhini kando ya nyumba, katikati ya mashamba na chini ya miti. Mito ni haba. Basi wenyeji, tangu zamani, waligundua namna ya kuukamata mvuke huo: huuelekeza katika mabomba marefu, nao unapopita humo hupoa na kugeuka maji, yakadondoka tone baada ya tone ndani ya mapipa na matangi. Maji hayo ndiyo ya kupikia, ya kunywa na ya mifugo. Enzi za walowezi joto hilo hilo lilitumiwa kukaushia pareto. Tangu 2012 kampuni ya KenGen ina mtambo mdogo hapo wa kuzalisha megawati 2.5 za umeme.

Picha za Eburru zina masharti yake. Mvuke huonekana vyema hewa inapokuwa baridi, hivyo ni sharti uwe umefika kabla ya jua kuchomoza au muda mfupi baadaye. Ifikapo saa tano, bomba lile lile lililokuwa likifuka kama jiko la arusi huonekana kama chuma kilichotupwa shambani. Simama mahali ambapo jua liko nyuma ya mvuke, si nyuma yako. Mwanga ukipenya kutoka upande wa pili, wingu zima hung'aa. Usibadilishe lenzi karibu na mdomo wa bomba, kwa sababu unyevu huingia ndani ya kamera na hautoki upesi. Aidha, usikanyage udongo mwekundu uliolegea karibu na matundu bila mwenyeji kutangulia. Chini yake huenda pakawa na tope linalochemka.

Jambo jingine ni kwamba mapipa hayo yana wenyewe. Anayekuja asubuhi na mtungi hakuja kupigwa picha, amekuja kuteka maji kabla ya watoto kwenda shule. Msalimie kwanza, mweleze unachofanya, na umwache amalize. Mara nyingi atakuonyesha tundu jingine, zuri zaidi, ambalo usingelipata peke yako.

Juu ya kijiji kuna msitu wa Eburru, uliozungushiwa ua wa umeme na ambao ni mojawapo ya makao machache ya bongo wa milimani waliosalia. Kumwona mnyama huyo ni bahati ya nadra. Miti yenyewe, ikiwa na ndevu za kuvu na ukungu wa asubuhi, inatosha.

Kandokando ya barabara kuu

Ukirejea barabara kuu ya Nairobi na Nakuru, karibu na Gilgil kuna Kariandusi. Msafara wa Louis Leakey uligundua hapo, mwishoni mwa miaka ya 1920, mashoka ya mawe yaliyotengenezwa na binadamu wa kale mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Mengine ni ya jiwe jeusi la volkeno linalong'aa kama kioo cha chupa. Yamelazwa ardhini mle mle yalimopatikana, chini ya paa. Jirani kuna machimbo ya diatomaiti, udongo mweupe kama unga uliotokana na mabaki ya viumbe vidogo mno vya ziwa lililokauka. Weupe huo humdanganya mashine: kamera huuona kuwa mwanga mwingi kupita kiasi na kuutia kijivu. Ongeza mwanga kidogo kwa mkono, na omba ruhusa kabla ya kusogelea machimbo.

Kutoka hapo si mbali kufika mahali pa kutazamia Ziwa Elementaita. Ng'ambo ya ziwa kuna kilima kinachofanana na mtu aliyelala chali, pua ikielekea mbinguni. Wengi humwita shujaa aliyelala. Kwa kuwa unatazama magharibi, asubuhi ndiyo saa yake. Jioni kilima hugeuka kivuli cheusi, jambo ambalo pia si baya. Ziwa hili ni mahali ambapo mwari weupe huzaliana, na pamoja na Nakuru na Bogoria liliorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka wa 2011.

Mgeni atakayerudi Nairobi kwa barabara ya chini, kupitia Mai Mahiu, asipite bila kusimama kwenye kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano mwaka wa 1942, walipokuwa wakitengeneza barabara hiyo ya ukingoni. Malori hunguruma mita chache kutoka mlangoni. Ndani kuna kimya.

Kaskazini, kuelekea Baringo

Barabara ya Marigat ni nzuri na haina msongamano. Mogotio, chini ya kilomita 40 kutoka Nakuru, kuna alama ya Ikweta ambapo kila mtu hupiga picha akiwa na mguu mmoja kila upande. Piga na wewe, hakuna ubaya.

Bogoria ndiko heroe walikokimbilia kwa wingi, na ndiko kwenye chemchemi zinazorusha maji yanayochemka. Hapa pia ziwa limepanda na baadhi ya chemchemi sasa zinachemkia chini ya maji. Mtu aliyeona picha za zamani atashangaa. Ajue pia kwamba nchi hii ina wenyewe wa kale, jamii ya Waendorois, waliohamishwa katika miaka ya sabini ili kupisha hifadhi. Mnamo 2010 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyowaunga mkono. Kwao ziwa hili ni mahali pa ibada. Mwelekezi wa hapo hapo hukueleza sehemu za kupiga picha na sehemu za kutulia.

Kwenye Ziwa Baringo, mashua huondoka Kampi ya Samaki alfajiri. Utaona migunga iliyokufa ikiwa imesimama majini, mapaa ya majengo yaliyoachwa, na wavuvi wa Kichamus wakiketi katika vyombo vyao vyepesi kana kwamba wamekalia maji yenyewe. Ni ziwa hili ambalo kati ya Desemba 2020 na Aprili 2021 lilishuhudia twiga 9 wakivushwa kwa chelezo kutoka kisiwa kilichokuwa kikizama.

Picha na idhini

Uzuri wa miti iliyozama una gharama. Ripoti ya serikali ya 2021 ilikadiria kwamba takriban watu 380,000 waliathiriwa na kupanda kwa maziwa haya. Katika mtaa wa Mwariki, Nakuru, kuna nyumba ambazo wenyewe walizijenga kwa akiba ya maisha kisha wakazihama kwa mashua. Mgeni huona kuta zilizoakisiwa majini. Aliyezijenga huona jambo jingine kabisa. Vivyo hivyo Solai, bonde lenye ziwa dogo na ndege wengi, ambako bwawa lilipasuka usiku wa Mei 9, 2018 na kuua zaidi ya watu 40. Hatusemi usiende. Lakini usiulize kwa mzaha mahali maji yalipopita.

Sheria nayo ipo. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, picha ya mtu anayetambulika ni habari yake binafsi. Mnamo Septemba 2023, afisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kwa hiyo, mtoto asipigwe picha ikachapishwa kabla ya mzazi kukubali. Wauzaji wa ngozi na kofia pale ukingoni mwa bonde wana haki ya kukataa, na wengine hutaka ununue kitu kwanza, jambo ambalo kwa maoni yetu ni haki tupu.

Ukiwa Lanet au Gilgil, funika kamera. Kuna kambi za jeshi, na askari hatasubiri maelezo kwamba ulikuwa ukilenga mawingu. Droni haziruhusiwi bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na katika mbuga huhitaji pia ruhusa ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Baadhi ya wageni wamenyang'anywa mitambo hiyo uwanjani Nairobi kabla hata ya kutoka nje.

Kuhusu msimu, hewa huwa safi zaidi siku chache baada ya mvua, ilhali Januari na Februari vumbi hufifisha milima ya mbali. Mvua ya masika, Machi hadi Mei, huharibu barabara za Eburru, na katika makorongo ya Hell's Gate maji huja ghafla hata kama juu yako ni jua tupu. Septemba 2019 watu 7 walisombwa. Ada za mbuga hulipwa kupitia mfumo wa eCitizen, si taslimu, hivyo mgeni asiye na laini ya simu ya Kenya alipe kabla ya kutoka hotelini. Matatu za Marigat na za Gilgil hupatikana katika vituo vya Nakuru kuanzia alfajiri. Za kurudi hupungua mapema jioni, hasa siku isiyo ya soko, na anayengojea mwanga wa mwisho pale Eburru awe ameagana kabisa na mhudumu wa bodaboda saa ya kumfuata.